Baada ya "Hatujambo"

Kila mkiniita niwasimulie kazi ya zamani, mnataka habari za sindano. Haya. Sindano zetu zilikuwa nene, tulizichemsha kwenye sufuria, zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe, na wapo wagonjwa waliopona kwa kuziona tu. Habari za sindano zimekwisha. Leo nitawaambia habari za penseli, maana kwa penseli nimeona watu wakipona na nimeona mtu akifa, na ninyi wauguzi wa leo, na sare zenu zilizopigwa pasi, sijui kama kuna aliyewafundisha kuishika.

Mimi nilikuwa dresa. Chekeni tu, najua jina hilo kwenu ni la kizee. Dresa aliosha vidonda, alifunga bandeji, alimwaga vyombo vya haja, alibeba machela, na daktari alipokata mguu wa kulia dresa ndiye aliyeukalia wa kushoto. Kazi hiyo niliifanya kwenye hospitali ya misheni huku kwetu Mbozi, enzi za Mwingereza, nikiwa kijana mwenye nguvu na mdomo mrefu. Wagonjwa walitoka pande zote: wakulima wa Ruanda hii yetu ya Mbozi, watu wa milima ya Ileje waliobebwa siku nzima mabegani, madereva wa njia ya Tunduma, na wachimba dhahabu wa Mkwajuni. Hao wa Mkwajuni walikuja wamevunjika, na wengine hawakufika.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo, kazi nyingine ikaniangukia, kuwaandikia wagonjwa barua za nyumbani. Na barua ya siku zile, wajukuu zangu, ilikuwa na mlango wake, huwezi kuingilia dirishani. Lazima uanze: "Salaam sana. Baada ya salaam, mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu." Ndipo uandike: "Ila." Baada ya ila ndiyo unasema kilichokufanya utafute karatasi. Nimeandika kwa mkono wangu huu, "Mimi sijambo, ila nimekatwa mguu." Nimeandika, "Sisi hatujambo, ila nyumba imeungua na babu alikuwa ndani." Msicheke sana, hata ninyi mko hivyo hivyo. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unajibu nzuri, kisha ndiyo unamwambia umetoka kuzika.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Dresa Kondowe, mtu wa Nyasaland, mrefu, mkavu, kaptula yake haikuwahi kuonekana na kunyanzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, na mara nyingi alianza kwa "iwe", ndivyo wanavyomwita mtu kwao. Siku moja alinikuta nasoma barua ya mgonjwa kwa sauti, nimejaa sifa kwa ule utangulizi wangu mzuri. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Iwe," akasema, "ugonjwa wa mtu uko baada ya ila. Huko mwanzoni ni adabu tu."

Sikumwelewa. Nilidhani ananionea wivu wa mwandiko.

Nilikuja kumwelewa kwa ajili ya mama mmoja wa Mbebe, kule Ileje. Alijifungua kwetu, mtoto akaishi kidogo akafa, maziwa yakawa yanamtoka na hakuna wa kumnyonyesha. Mume alikuwa Rodesia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba. Mama huyu hakulala. Aliomba nimwandikie mumewe, nikaandika, nikamsomea. Akasema, "Sivyo." Nikaandika upya. "Sivyo, nilimshika mwenyewe wakati anakata roho, weka hilo." Nikaweka. Kesho yake, "Ongeza kwamba alikuwa na nywele nyingi." Ongeza hiki, toa kile, mpaka nikaanza kumkimbia nikimwona anakuja. Barua ilipokaa alivyotaka niliisoma yote, akalia sana, akaichukua, akaenda kuitia kwenye moto wa jiko la wauguzaji, wale ndugu waliowapikia wagonjwa, akarudi kitandani akalala. Alilala mpaka tukamwendea kumtazama kama anapumua.

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Karatasi zilikuwa adimu. Nikaenda kumshtaki kwa Kondowe, naye akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa wewe ulidhani barua ile ilikuwa ya mume?"

Tangu hapo ikawa sehemu ya kazi yetu. Haikuwa kwenye vitabu vya daktari, ingawa daktari mwenyewe hakutuzuia, na alitupa karatasi zake kuukuu zilizoandikwa upande mmoja. Wagonjwa waliojua kuandika, na wengi walijifunza kwenye darasa la ubatizo, tuliwapa penseli. Wasiojua tuliwaandikia. Mwenye hofu kwamba maneno yake yataonwa tulimpa kile kibao cheusi cha watoto wa shule, akaandika kwa chaki, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Wapo waliopenda kibao kuliko karatasi kwa sababu hiyo hiyo ya kufuta.

Makosa yangu? Loo, mengi. Kuna mpishi mmoja wa Mzungu, amefiwa na mkewe, tukampa karatasi akaandika, "Mke yangu amekufa." Mimi na elimu yangu nikatoa penseli nyekundu, nikamsahihishia: mke wangu. Alinirushia chombo cha mkojo, na hakikuwa kitupu. Kondowe alinitazama ninavyochuruzika akasema, "Iwe, mtu amefiwa, wewe unamfundisha sarufi?" Kwa hiyo usisahihishe. Usisimame nyuma ya mgongo wake. Usimwombe akusomee. Mwandikishe asubuhi, vidonda vikishafungwa, wala usimpe penseli jua likiwa linazama, maana atalala na hayo mambo kitanda kimoja. Akimaliza mpe uji wa moto na mwongeleshe habari za mahindi. Karatasi ni yake. Akitaka kuichoma mwonyeshe jiko lilipo.

Sasa msije mkasema mzee ametuambia penseli ni dawa ya kila kitu. Nawajua mnavyochukua maneno nusu. Tulikuwa na mgonjwa mmoja, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, mtu wa hapa hapa Ruanda, wodi nzima ilimwita Sajini. Mwili ulikuwa mzima, kilichokuwa kibovu ni usingizi, na mlango ukigongwa aliingia chini ya kitanda. Tukampa karatasi. Akaandika ukurasa mmoja, mwandiko mzuri wa jeshini, mistari imenyooka. Kesho yake akaandika tena, na keshokutwa. Tulifurahi! Nilikuwa nawaonyesha wengine, tazameni Sajini anavyojitahidi. Asubuhi moja tukakuta kitanda kimetandikwa, blanketi limekunjwa kijeshi, na yeye hayupo. Wanawake wa mtoni ndio waliokuja kutuita.

Tulipomzika, Kondowe alizitoa zile karatasi chini ya godoro akazipanga mezani, moja pembeni ya nyingine. Zilikuwa zile zile. Neno kwa neno, nukta kwa nukta, hata pale alipokosea siku ya kwanza alikosea vile vile siku ya mwisho. Mtu alikuwa anazunguka kwenye shimo lake na sisi tunamsifu mwandiko. Kondowe alizikusanya zote, akanigeukia. Neno aliloniambia ni hili, na ninyi lishikeni: "Ukiona mtu anaandika yale yale, mnyang'anye penseli. Mpe kazi ya mikono, mweke katikati ya watu, na usimwache peke yake hata chooni." Iliniuma mno, maana Sajini alikuwa akinipigia saluti kila asubuhi, na mimi nilikuwa nampigia.

Basi, nilikuwa na haya yote kichwani Saimoni alipoletwa.

Saimoni Simfukwe alikuwa Mnamwanga wa upande wa Tunduma, kijana wa rika langu. Lori la unga lililokuwa linatoka Mkwajuni lilimshusha mlangoni kwetu. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, lakini mguu haukututisha. Kilichotutisha ni vidole. Kucha zilikuwa hazipo, nyama imechunika, mchanga umeingia mpaka ndani. Niliviosha kimoja kimoja, mtu hakusema hata "ah". Nikamuuliza, "Unajisikiaje, ndugu yangu?"

"Sijambo."

Nikamfunga mikono yote miwili, akabaki na mafungu mawili ya bandeji. Akaniomba nimwandikie mama yake. Nikachukua penseli, akaanza kunitajia: "Mama mpendwa, salaam sana. Baada ya salaam, sisi hatujambo, hofu na mashaka ni kwako."

"Ninyi na nani?" nikamuuliza.

"Mimi na mdogo wangu. Yakobo."

"Yuko wapi huyo Yakobo?"

"Mgodini."

Nikaandika. Nikasubiri ila. Akasema, "Basi. Weka jina langu, na lake pia."

Dereva wa lile lori alipopita tena ndipo tulipojua. Shimo lilikuwa limebomoka. Saimoni alitoka, mdogo wake hakutoka, na tajiri wao aliona kufukua ni hasara, akahamia shimo jingine. Yakobo alikuwa mgodini kweli, hakunidanganya. Watu walimkuta Saimoni anachimba kwa vidole, wakamvuta, akawaponyoka akarudi, na gogo la kuzuia udongo likamwangukia mguuni. Dereva alituambia hayo huku anatazama matairi yake.

Na mama wa watu yuko Tunduma anajibu barua. Hakujua kusoma, mwalimu wa kanisani ndiye aliyemsomea na kumwandikia: "Wanangu Saimoni na Yakobo, nami sijambo, ila mvua imechelewa. Yakobo mbona haongezi neno lake? Mwambie asiwe mvivu." Nilipomsomea hayo, Saimoni alisikiliza vizuri, akasema tumjibu. "Sisi hatujambo." Mara ya tatu nilimwambia, "Saimoni, mimi hiyo siandiki." Akageuza uso ukutani. Chakula alikuwa amekwisha kukiacha. Tulimlisha uji akautema, si kwa ukorofi, ulimtoka tu pembeni ya mdomo. Mguu ukakataa kuunga. Daktari alisema mfupa hauna tatizo, na kwamba hajui la kufanya na mtu asiyetaka kupona.

Kondowe alikuwa akipita pale kitandani anasimama, anamtazama, anaondoka. Aliniambia uani, "Huyu anamfuata Sajini. Tofauti yake hana miguu ya kumfikisha mtoni."

Vidole vilipopona kiasi cha kushika penseli, Kondowe mwenyewe alimpelekea karatasi. "Iwe Saimoni. Salaam tumepokea. Hujambo, tumesikia. Anzia kwenye ila."

Asubuhi ile karatasi ilikaa nyeupe. Iliyofuata alikuwa ameandika, na karatasi ameiacha wazi, "Ila shimo lilibomoka." Nikataka kushangilia, nikamkumbuka Sajini, nikanyamaza. Ikaja nyingine: "Ila shimo lilibomoka, udongo ukaja, tukapanda. Mkono ukaachiwa." Tukasubiri tuone kesho italeta nini. Kesho ikaleta, "Ila shimo lilibomoka, udongo ukaja, tukapanda. Mkono ukaachiwa." Na kesho yake, hayo hayo.

Kondowe alipoiona ya tatu hakungoja ya nne. Alimpokonya penseli, tukambeba Saimoni na kitanda chake cha kamba mpaka jikoni kwa wauguzaji, kwenye moshi na kelele za akina mama, tukamwekea ungo wa maharage mapajani achambue. Akina mama wale hawakuwa na huruma ya kipuuzi. "We kijana, hilo ni jiwe, unataka tuvunjike meno?" Siku nzima alichambua. Sisi tulipokezana kukaa pembeni yake, na niseme ukweli, maharage hospitali ile hayajawahi kuwa safi vile.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye maharage hayo hayo Kondowe alipochuchumaa mbele yake na ile karatasi ya mwisho. Alimsomea polepole. "Mkono ukaachiwa." Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza njia:

"Na nani?"

Saimoni aliurusha ungo. Maharage yakatawanyika jikoni kote, moja likaniingia shingoni. Alimtukana Kondowe kwa Kinamwanga, na mimi Mnyiha, Kinamwanga nakisikia, kwa hiyo sitawaambia alisema nini. Akina mama walikimbia. Kondowe hakuinuka. Alibaki pale pale amechuchumaa, maharage kwenye nywele, mpaka Saimoni akaishiwa pumzi, akanyoosha mkono akasema, "Lete."

Nikampa penseli. Akaandika neno moja, akaisukuma karatasi mbali na macho yake. "Nikauachia."

Wajukuu zangu, lugha yetu ina pazuri pa kujificha. Sahani imevunjika. Maziwa yamemwagika. Mtoto amepotea. Mkono ukaachiwa. Kitu kimetendeka na mtendaji hayupo, na mtu anaweza kuishi humo ndani akafia humo humo. Mkikaa na mgonjwa wa namna hii, acheni mambo ya mwandiko, tazameni kama ile "ni" ya mimi imekuja. Ikija, msiondoke. Ndio wakati wa hatari kuliko wote, na ndio wakati ambao dresa mvivu hupenda kwenda kunywa chai.

Ilipokuja, mengine yalifuata. Aliandika asubuhi ile na nyingine kadhaa, na kila mara lilikuwapo neno jipya. Yeye alikuwa juu kwenye ngazi ya miti, Yakobo chini yake, amemshika mkono. Udongo ulimfika Yakobo kifuani. Yakobo alisema, "Kaka, usiniachie." Huko juu udongo ukalia tena, kama kitambaa kinachochanika. "Nikauachia mkono wake, nikapanda. Nilikuwa nataka kuishi." Mchimbaji yeyote angemwambia kwamba wangekufa wote wawili. Mimi nilitamani kumwambia. Kondowe alinikataza, akasema maneno hayo kila mtu atakuja kumpa bure na hayatamfaa kitu, kwa sababu mwenye haki ya kumuuliza, yaani mama yake, alikuwa bado hajamuuliza.

Alianza kunywa uji. Si vizuri, nusu kikombe, na hakutazama mtu. Mguu ulianza kushika. Lakini barua za "sisi hatujambo" zilikuwa zimekoma, na kule Tunduma mama mtu mzima alikaa na ule ukimya, akaona haumwingii akilini. Akapanda lori.

Alifika asubuhi nikiwa naosha vidonda. Mwanamke mfupi, mweusi, miguu imejaa vumbi la barabara, jogoo mzima kwapani amefungwa miguu. Akapiga magoti mlangoni pa wodi, akapiga makofi ya salamu kama kwao, akawaamkia wote. Kisha akatazama vitanda, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho, akarudi tena mwanzo.

"Saimoni nimemwona," akasema. "Yakobo yupo kitanda gani?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, Kondowe akanikamata shati kwa nyuma.

Saimoni aliweka mkono chini ya godoro akatoa karatasi zake. Hakusalimia. Alianza kusoma, kwa Kiswahili kama alivyoandika, "Ila shimo lilibomoka," karatasi inamcheza mkononi. Mama alisikiliza kidogo, uso umekunjamana, akainua kiganja.

"Hicho ni Kiswahili cha barua," akasema. "Niambie kwa maneno yetu."

Jamani. Kwenye Kiswahili alikuwa amekwisha kupitisha njia, kwa Kinamwanga hapakuwa na hata kichochoro. Nikahisi tumempoteza, kazi yote ya majuma yale imekwenda. Kisha akaiweka karatasi pembeni, akamtazama mama yake, akasema yote kwa mdomo. Udongo. Kifua. "Kaka, usiniachie." Na alipofika pale hakupita pembeni. Alisema, mimi niliuachia, mama, nikapanda.

Mama hakupiga yowe. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka. Alisema, "Rudia alivyosema." Saimoni akarudia, kaka, usiniachie. "Rudia tena." Akarudia tena. Kisha akainuka, akamchukua jogoo wake sakafuni, akatoka.

Tulidhani ameondoka. Saimoni naye alidhani hivyo. Alilala chali, macho yako kwenye dari, na Kondowe akavuta kigoda akakaa pembeni yake, akamshika kwenye kifundo cha mkono kama anayepima mapigo, mpaka jua likafika juu. Kutoka jikoni kwa wauguzaji tukasikia kilio. Kilikuwa cha mtu mmoja kwanza, halafu akina mama wote wa jikoni wakakipokea, Wanyiha, Wandali, Wasafwa, kila mtu kwa namna ya kwao, kwa mtoto ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona. Wodi nzima ikakaa kitako. Walimlilia Yakobo mpaka sauti zikawakauka, na hicho ndicho kilio pekee alichopata.

Mchana mama alirudi. Kichwa amekifunga kitambaa cha msiba, macho yamevimba, mikononi amebeba sinia. Ugali wa ulezi, mchuzi, na mapaja mawili ya jogoo, moja upande huu na moja upande ule, kama alivyozoea kuwagawia tangu wakiwa wadogo. Akaliweka sinia kitandani, akakaa kwenye kigoda cha Kondowe.

Saimoni akasema, "Mama, nisamehe."

Mama akamsogezea sinia. "Leo siwezi," akasema. "Usiniombe leo. Kula."

Akala. Ulikuwa mlo wake wa kwanza wa kutafuna tangu aletwe, na alitafuna kwa shida, anameza kama mtu mwenye donda la koo. Alipomaliza paja lake alilisukuma sinia, lile la pili likiwa limebaki upande wake. Mama akalirudisha.

"Na la mdogo wako."

"Mama, siwezi."

"Nani atalila? Mimi? Kula."

Alilichukua. Alikula analia, mchuzi na machozi vinamchuruzika mpaka kwenye bandeji, na mama yake amemkazia macho, hakuyatoa, mpaka ukabaki mfupa. Kisha akaondoa sinia akaenda kuliosha.